Plasta ya Ijumaa

Vijana wangu wa matengenezo, siku mliponiaga mlinipa shati, vipande vya sabuni na daftari, mkasema: «Papa Kasereka, utuandikie kazi yako, sisi tubaki nayo.» Shati linanibana kifuani. Sabuni wajukuu wameimaliza. Limebaki daftari, nalo linanitazama kila asubuhi, basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo havikunifurahisha na mishahara ya hospitali mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya ukuta na juu ya wivu, kwa sababu kwangu mimi vitu hivyo viwili vilichanganywa kwenye karai moja.

Nilifika hospitali ya misheni hapa Butembo mwaka wa uhuru, nikitoka Alimbongo na mwiko mmoja wa kupakia plasta na barua ya padri. Nilidhani nitajenga jiko au choo. Akanipokea Mzee Katsuva, msaidizi wa chumba cha radio. Kwetu radio ni ile mashine ya kupiga picha ya mifupa. Ninyi mnajua, lakini daftari halichagui msomaji. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, na Kifaransa kidogo mdomoni: donc yake ni «kwa hiyo», mais yake ni «lakini». Aliniingiza ndani ya kile chumba, akagonga ukuta kwa kidole.

«Hapa hatuko najenga ukuta ya kuzuia mwizi,» alisema. «Kile tuko nazuia, haukione, haukisikie, haina harufu. Kitakupita ndani ya mwili na utaendelea kula bugali yako sawasawa. Donc ukidanganya ukuta, ukuta haitakushitaki. Utajishitaki weye mwenyewe.»

Nilisema ndiyo, Muzee. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ningesema ndiyo kwa lolote.

Siku zile ukuta wa radio ulikuwa tofali, halafu mbao, na kati ya mbao mabati ya plomb, ile madini nzito ya kijivu inayokatika kwa kisu. Kazi yangu ilikuwa kuziba: kila msumari una tundu, na kila tundu ni njia ya mionzi. Mzee alikuwa na desturi yake. Kazi ikimridhisha, alibonyeza kidole gumba kwenye plasta mbichi, chini karibu na sakafu, pakabaki alama. Isipomridhisha alisema tu «pitisha tena» na kuondoka. Hakuna cheti nilichokitaka maishani kama kile kidole. Nilipitisha tena miezi minne.

Akaja Salumu. Baba yake alikuwa msafirishaji wa Beni, Mwislamu mwenye malori mawili, na Salumu angeweza kukaa kwenye kabini akila karanga mpaka leo. Yeye alitaka uashi. Umri wetu mmoja, kimo kimoja, hata mwiko wake ulinunuliwa duka moja na wangu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua. Wiki ya tatu Mzee alichuchumaa kwenye kazi ya Salumu, akabonyeza kidole. Niliona. Nilikwenda nyuma ya jengo nikaosha karai ambalo lilikuwa safi.

Na baya zaidi, alikuwa mtu mwema. Mtu mwovu unamchukia mchana kweupe na majirani wanakusaidia. Mtu mwema unamchukia peke yako.

Ulipofika uasi, kila mtu alikimbilia kwao. Mimi nilirudi Alimbongo kwa mama, Salumu alijificha msituni upande wa Oicha na ndugu zake. Waasi walipita, askari wakaja kuwafukuza, na katikati ya kupita na kufukuza, hospitali yetu iliungua upande mmoja. Waasi walisema ni askari, askari walisema ni waasi. Mimi nasema ni moto. Tuliporudi tulikuta mashine ya radio imegeuka chuma kilichopinda, mbao zimekwisha, na plomb imeyeyuka yote ikatiririka sakafuni. Mzee alisimama juu yake na viatu vyake, akavua kofia kwa mara ya kwanza mbele yetu. Kichwa kilikuwa na kipara.

«Munaona,» alisema. «Iko nazuia mionzi, mais moto kidogo tu, ikakimbia kama maji.»

Misheni iliahidi mashine nyingine, nzee, itakayopitia Uganda na kuvuka Kasindi. Ukuta hawakuahidi. Plomb haikupatikana tena. Barabara zilikuwa za bunduki. Mzee alituita wawili, akasema tutafute kitu kizito kama plomb lakini kisichoogopa moto, na tukitafute hapahapa kwetu.

Salumu alirudi kutoka likizo ya siku tatu na gunia dogo ambalo wanaume wawili waliliteremsha kwa kelele. Ndani kulikuwa mchanga mweusi, ule ambao wachenjuaji wa dhahabu wanabakiwa nao chini ya beseni na kuutupa mtoni. Binamu zake walinunua dhahabu huko Manguredjipa; yeye alinunua takataka yao. Mzee alichota kikopo cha maziwa, akakipima mkononi, akacheka mpaka machozi. Mimi nilitazama yale machozi. Sikuwahi kumliza mtu kwa furaha.

Nami nilikuwa na changu. Sokulu, babu yangu mzaa baba, alikuwa mhunzi, na tanuru lake hakulijenga kwa udongo wa kawaida, alilijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameutafuna na kuulainisha, nao ukikutana na moto unakuwa mgumu badala ya kupasuka. Nilileta ndoo mbili. Tukachanganya na saruji na mchanga wa Salumu, tukatengeneza vigae vya kujaribia, na vingine vya saruji bila udongo, tukavitia kwenye tanuru la matofali siku nzima. Vigae vya saruji peke yake vilipasuka. Vya udongo wangu vilitoka vyekundu, vizima, na ukivigonga vinalia kama sahani nzuri.

Mzee alisema: «Muzuri.» Halafu akamgeukia Salumu, akamwuliza mchanga utafika lini mwingine. Tangu siku hiyo ile plasta iliitwa «ya Salumu.» Mchanga ulipata jina. Udongo wangu uliendelea kuitwa udongo.

Naandika mchanganyiko, msije mkaambiwa mwingine na watu wasiojua. Vikopo vitano vya mchanga mweusi uliooshwa na kukaushwa, viwili vya saruji, kimoja cha udongo wa kichuguu uliochekechwa kwa kitambaa. Maji kidogo kuliko moyo wako unavyotaka. Kwa kuwa ni nzito, inateleza ukutani kama mlevi. Ndiyo maana tulipigilia waya wa banda la kuku kwanza, na ndani ya plasta tukatia manyoya ya mbuzi, ambayo Salumu aliyaomba kwa wachinjaji sokoni. Manyoya yanashika, hayanywi maji. Unapaka matabaka matatu, kila tabaka likwaruzwe kabla ya lingine. Unafanya mkanda mmoja kwa siku, kimo cha mkono, kisha unaufunika gunia bichi. Ukitaka kukimbia, kakimbie mpirani.

Mlango ulitupa taabu kuliko kuta. Plomb iliyomwagika tuliichimbua sakafuni, tukaiyeyusha tena kwenye sufuria, tukaimwaga juu ya jiwe bapa mpaka ikawa bati, tukalifungia kati ya mbao ngumu, na juu ya mbao udongo wangu. Mlango huo ndio mnaosukuma hadi leo kwa bega. Msiulainishe kwa mafuta ya kupikia, nimewaona.

Tuligawana kuta, mbili zangu, mbili za Salumu. Lakini plasta ikishachanganywa haingoji mtu, kwa hiyo tulikuwa na mapatano. Ijumaa adhuhuri yeye alikwenda msikitini, na mimi nilimalizia karai lake kwenye ukuta wake. Sikukuu za Kanisa mimi nilikwenda misa, yeye alinimalizia langu. Mikanda aliyonimalizia siku za sikukuu ilikuwa mizuri kuliko yangu. Ilikuwa ukutani kwangu, ikinicheka.

Ijumaa moja, Salumu akinawa mikono ili aende, Mzee aliingia, akatazama ukuta wake ambao ulikuwa bado nusu, akachuchumaa na kubonyeza kidole gumba chini. Ukuta haujaisha, tayari kidole! Kisha akaniambia, bila kunitazama: «Kasereka, umumalizie vizuri, usimuharibie.»

Wakaondoka wote wawili. Nilibaki na karai. Manyoya yalikuwa yamekwisha, na gunia jingine lilikuwa kwa wachinjaji. Ilinipasa kufunika kazi na kungoja. Badala yake nilikata kamba ya mugomba iliyofunga jukwaa, nikaichana nyuzi nyuzi, nikazitia. Matabaka matatu yakawa mawili. Nilijua kwamba nyuzi za mugomba zinakunywa maji, na zikikauka zinasinyaa, zinaacha njia ndani. Mtoto wa Alimbongo hawezi kusema hakujua mugomba. Nililainisha juu vizuri sana. Jumatatu ilipofika nilikuwa nimejiambia kwamba haikuwa neno, na wiki iliyofuata nilikuwa nimesahau, kwa jinsi mtu anavyosahau akitaka.

Mashine ikafika. Kujaribu ukuta tunafanya hivi: unafunga filamu kwenye karatasi nyeusi, unabandika funguo juu yake, unaining'iniza upande wa pili wa ukuta, na mashine inafanya kazi siku nzima. Ukiiosha filamu ikatoka tupu, ukuta unazuia. Ukiona picha ya funguo, ukuta unavuja. Mzee alinipa mimi kazi hiyo kwa kuwa Salumu alikuwa akipaka dari ya wodi.

Kuta zangu zilitoka tupu. Ukuta wa kwanza wa Salumu, tupu. Kwenye ukuta wake wa pili, kimo cha bega, funguo ilitokea: hafifu, lakini meno yake ungeyahesabu. Nilifurahi. Naandika neno hilo na kalamu inakuwa nzito, lakini ni lenyewe. Moyo ulinidunda kwa raha ndani ya kile chumba cheusi. Niliitundika filamu ikauke, nikaenda kula, na siku ile bugali ilikuwa na ladha.

Nyuma ya ukuta huo palikuwa chumba cha mashuka. Humo alikaa Mariamu, mke wa Salumu, akikunja mashuka ya wagonjwa tangu asubuhi hadi alasiri, na mimba yake ilikuwa imeonekana. Nilijua. Msiseme labda Papa Kasereka hakufikiri. Nilifikiri, nikaona kwamba daktari mkubwa wa misheni atakuja kukagua baada ya wiki tatu, na kwamba filamu ile ikitolewa mbele ya daktari itakuwa na uzito kuliko ikitolewa mbele ya Mzee peke yake. Nikarudi kuichukua, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Tangu siku hiyo sikupita tena kwenye korido ya mashuka. Nilizunguka nje, hata mvua ikinyesha.

Wiki tatu. Kila asubuhi Salumu alinisalimia: «Ndugu yangu, umeamuka?» Nami nilijibu nimeamka, nikainama kwenye kazi.

Daktari alikuja, akasifu kuta, akasifu mlango. Alipouliza majaribio, nilifungua kitabu cha sala. Mzee Katsuva aliishika ile filamu dirishani kwa muda mrefu.

«Ukuta gani?»

«Ya Salumu, Muzee. Ya upande wa mashuka.»

Mzee aliishusha ile filamu. Alichukua patasi na nyundo, akaenda moja kwa moja kwenye kimo cha bega, akabomoa. Plasta iliachia vipande vikubwa kwa urahisi wa aibu. Na ndani zikaning'inia nyuzi za mugomba, nyeupe, ndefu. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile Ijumaa yote.

Salumu alizitazama zile nyuzi. Halafu alinitazama mimi, si kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayesubiri zamu ya mwenzake kusema. Mimi nilikuwa na ulimi, na meno, na pumzi. Sikusema.

«Ni mimi, Muzee,» Salumu akasema. «Manyoya iliisha. Nilikuwa na mbio ya kwenda musikiti.»

«Mais Salumu!» Sauti ya Mzee ilipasuka. «Weye? Batu watalala hapa, bamama watakaa hapa, na weye unaweka mugomba? Hapana. Hapana, mutoto wangu.» Alilisema lile «mutoto wangu» kwa uchungu hivi kwamba hata wakati ule, na hatia ikiwa yangu, nilimwonea Salumu wivu. Mimi hakuwahi kunikaripia kwa jina hilo.

Salumu alipelekwa kwenye tanuru la matofali. Mimi niliziba ule mkanda, manyoya safi, matabaka matatu, na Mzee alichuchumaa, akanibonyezea kidole. Kilikuwa kidole kilekile. Nilikitazama nikangoja furaha, nikangoja hadi jioni. Baada ya miezi miwili Salumu alimchukua Mariamu, wakarudi Beni kwa malori ya baba yake. Funguo za chumba cha radio zikawa zangu, nami nikazibeba miaka zaidi ya thelathini.

Mtoto alizaliwa Beni, msichana. Kila dereva aliyetoka huko nilimwuliza: mtoto wa Salumu ametambaa? Ametembea? Anasema? Wakasema Kasereka ana moyo wa ndugu. Niliacha waseme. Alipoanza shule nilituma daftari na kalamu, na aliyezipeleka aliniambia mtoto ni mwembamba. Sikulala siku kadhaa kwa neno hilo «mwembamba,» mpaka mwingine akaniambia familia nzima ni wembamba.

Mzee Katsuva alikufa akiwa anaamini alichoambiwa. Ninyi mmeukuta ule mkanda uliozibwa, rangi yake tofauti kidogo, na mmeufanya mzaha: kijana akikosea kipimo mnamwambia «umefanya ya Salumu.» Nimesikia mzaha huo miaka mingi, na nimecheka nao. Mwaka ule jiko la mafuta lilipolipuka kwenye famasi na ukuta wa radio ukausimamisha moto, wageni walikuja kupiga picha na kusifu mchanga mweusi. Moto ulisimama kwenye udongo wa sokulu wangu, na hakuna aliyeuliza udongo ni wa nani. Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikawaza, nikianza kudai vilivyo vyangu, nitadai vyote?

Basi jifunzeni hili la kazi: filamu ikionyesha funguo, siku hiyohiyo uipeleke, hata ukuta ukiwa wa adui yako. Hasa ukiwa wa adui yako.

Vita vile vya baadaye, vya waasi wengine wenye majina ya herufi herufi, vilinikuta Beni. Niliitwa kukagua chumba cha radio huko, barabara ikafungwa nyuma yangu. Nilikuwa nimesimama sokoni na begi langu, sijui nilale wapi, mtu akanishika bega. Ndevu nyeupe, macho yaleyale.

«Kasereka! Uko natafuta hoteli na mimi niko hapa? Kuja nyumbani.»

Aliyetuletea chakula cha mchana alikuwa mwanamke mnene, mwenye kucheka, watoto wawili wakimvuta kitenge. Ndiye yule msichana. Mariamu alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa. Nilinawa mikono nikashindwa kula.

«Salumu,» nikasema, «ile plasta ya Ijumaa ni mimi. Mugomba ni mimi. Na filme niliificha wiki tatu, na Mariamu iko nyuma ya ukuta na mimba yake.»

«Mariamu hakukuwa,» akasema.

«Namna gani, hakukuwa?»

«Filme uliitundika ukaenda kula. Niliingia kutafuta taa, nikaiona. Siku ileile niliambia masœur, basista ba misheni, ile chumba iko na maji, mashuka itaoza. Tukahamisha yote, na Mariamu, kule kwa kufulia. Mulango nikaupiga misumari. Weye hauku­ona juu ya kuwa haukupita tena korido.»

Nilimwuliza kwa nini basi hakubomoa mwenyewe akaziba, kwa nini alikubali kuaibishwa mbele ya Mzee.

«Batu hawakukuwa tena nyuma ya ukuta, ukuta ingeweza kungoja. Nilikuwa nangoja weye uniambie. Nilisema, leo hapana, kesho atakuja. Kila asubuhi nilikusalimia mimi wa kwanza, nikufungulie njia. Na siku ya daktari, kama ningesema ni weye, Muzee angekufukuza, na weye haukukuwa na fasi ingine. Mimi nilikuwa na camion ya papa.» Alisogeza bakuli la nyama upande wangu. «Kula, itapoa. Ni maneno ya zamani, ilishaisha.»

Angenitukana, ningepona siku ile. Nilikuwa nimejitayarishia matusi miaka yote hiyo, nilikuwa na majibu yake, hata machozi yake. Hakunipa. Alimega bugali, akaniuliza habari za wajukuu. Na mimi, mzee mzima, nilikaa mbele ya sahani yake nikamwonea wivu kupita siku zote za ujana wetu, kwa sababu katika sisi wawili yeye ndiye aliyekuwa na kitu cha kusamehe, naye alikuwa amekwisha kukisamehe zamani, bila kunihitaji.